Mama Kulwa Alisema Mawili

Mwezi uliopita tulimzika Sista Skola huko Itetemia. Hakuwa mtawa, alikuwa muuguzi, na kwetu muuguzi wa kike huitwa sista hata akiwa na wajukuu tisa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, basi tulibanana chini ya turubai, wanaume upande wa barabara, wanawake kule kwenye masufuria, na kwaya ya Kimoraviani ikishindana na mashine ya kusaga ya jirani ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuizimisha. Baada ya mazishi nikakaa na wazee wenzangu kungoja chakula. Mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni, alikuwa akipita na birika na beseni kutunawisha. Alipofika kwangu akasita, akainamisha kichwa upande, akanitazama, halafu akapaza sauti bila kujali msiba: "Jamani! Huyu si Daktari Tembea?"

Nilikuwa sijaitwa hivyo kwa miaka ishirini na mitano. Akaniamkia, nikaitikia, akajitambulisha: Doto, binti wa Mama Kulwa wa kule relini. Nikamuuliza habari za mama yake kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. "Mama alitangulia, mwaka wa nne huu," akasema. "Kifua kilimbana siku tatu tu. Lakini alikuwa anakutaja, baba! Alikupenda mno." Kisha, huku akinimiminia maji, akawageukia wale wazee na kuwaeleza kwa nini niliitwa Tembea: kwamba nilikuwa daktari kijana, mkali kama pilipili kichaa, niliyewatembeza wagonjwa wa sukari kama jeshi. Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilinawa mikono mpaka birika likaisha maji, na ugali ulipokuja niliumegamega tu. Sista Skola peke yake ndiye aliyejua kwa nini sikustahili kupendwa na Mama Kulwa, naye tulikuwa tumetoka kumfukia. Niliporudi nyumbani jioni ile mke wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni uchovu wa msiba.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza masomo ya utabibu, nikapangiwa kituo kidogo cha afya katika kijiji cha reli, karibu na Usoke. Jina la kijiji naliacha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, si la kijiji. Chumba changu cha kuonea wagonjwa kilikuwa na meza moja, viti viwili, kitanda chenye godoro la mpira lililochanika, na dirisha lililotazama mabani ya kukaushia tumbaku. Msimu wa kukausha, moshi wa yale mabani uliingia hadi kwenye pamba na bandeji, na mimi mwenyewe nikawa nanukia kama msokoto ambao haujawashwa. Nyuma ya chumba hicho palikuwa na jiko la Sista Skola, ambalo kwenye makaratasi lilikuwa stoo. Humo alipika uji kwa ajili ya wagonjwa waliotoka mbali na tumbo tupu, na ikifika saa nne tulikunywa na sisi, pamoja na karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa halafu vikachemshwa. Hadi leo sijaonja chakula kinachonipa raha na majuto kwa pamoja kama kile.

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini, na sisi wa mjini tuna maringo yetu na Kiswahili. Tunaamini kilitoka pwani na misafara, kikapumzika kwetu, kikakataa kuendelea na safari. Kinyamwezi nilijua salamu tu, mwangaluka na mhola, basi. Wagonjwa waliponieleza shida zao kwa Kiswahili chao cha shambani niliwasahihisha papo hapo, kama mwalimu wa darasa la tatu, na wao kwa heshima wakarudia nilivyowafundisha. Nilidhani ni sehemu ya matibabu. Skola, ambaye alizungumza nao Kinyamwezi jikoni na Kiswahili barazani, aliniambia siku moja, "Daktari, watu hawa wamekuja kuponywa, hawakuja kufanya mtihani." Nikamjibu kwamba lugha isiyonyooka huleta tiba isiyonyooka. Nilikuwa na majibu mazuri sana umri ule.

Mwanzoni mwa mwaka niliitwa semina ya siku tano mjini. Tulifundishwa namna ya kumsaidia mgonjwa abadili mwenendo wake, na namna ya kupima maumivu kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Mkufunzi alisisitiza kwamba mabadiliko hayalazimishwi: muulize mgonjwa, msikilize, mwache achague mwenyewe hatua ndogo anayoiweza. Hayo niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilichorudi nacho kichwani ni namba. Nilinunua kopo la rangi nyekundu, nikachora kwenye ukuta wa baraza ngazi ya vidato kumi, na juu kabisa nikachora uso unaolia. Skola akasema uso ule unafanana na mimi nikikosa chai. Kila Jumatano, siku ya wagonjwa wa sukari na presha, nilisimama mbele ya mabenchi nikawahutubia. "Babu zenu," niliwaambia, "walitoka hapa hapa kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu begani, kwa miguu, miezi mitatu, wakarudi na majora ya nguo. Ninyi wajukuu zao mnashindwa kufika kisimani?" Nilijua ninapogusa. Mnyamwezi atakusamehe mengi, lakini usimwambie hawezi kutembea. Wazee walinyoosha migongo pale pale kwenye mabenchi. Nikawagawia kadi za kuwekewa alama nyekundu kwa kila siku waliyotembea, na ambaye kadi yake ilikuwa na pengo nilimsimamisha ajieleze mbele ya wenzake. Hapo ndipo nilipopewa jina la Tembea, nami nililivaa kama nishani.

Kuta za kituo kile zilikuwa nyembamba, kwa hiyo nilisikia pia jinsi Skola alivyofanya kazi hiyo hiyo jikoni kwake. Nakumbuka asubuhi moja alikuwa na Mzee Petro, mrina asali, mwenye sukari iliyopanda kupita kiasi.

"Asali si sukari, sista," mzee alikuwa akisema. "Sukari inatoka kiwandani. Asali inatoka mtini."

"Na damu yako inajua tofauti hiyo?"

Kicheko. Kijiko kikagonga sufuria. "Hebu niambie," Skola akaendelea, "ukiiacha asali leo, ni ipi itakayokuuma zaidi kuikosa?"

Mzee akafikiri. "Ya Jumapili. Nikitoka kanisani, na matobolwa yangu ya moto."

"Basi hiyo ya Jumapili tuibakize, kijiko kimoja. Hizo za siku nyingine waachie nyuki, si ni zao?"

"Hiyo naiweza," akasema Mzee Petro, tena kwa mshangao, kama mtu aliyetarajia kofi akapewa kiti. Upande wangu wa ukuta nilitikisa kichwa. Niliona analea ulegevu. Mzee Petro akaiacha kweli asali ya siku sita, nami sikujiuliza kwa nini, kwa sababu wale niliowagombeza mimi walikuwa wameshajifunza kunificha, na nikaamini nao wameacha.

Mama Kulwa alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa tumbaku, mama wa mapacha wawili wa kike, Kulwa na Doto. Alikaa mwendo wa saa nzima kutoka kituoni, kando ya reli. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kila alipoingia aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo, daktari." Umri wake ulikuwa wa mama yangu mzazi. Mara ya kwanza nilishtuka nikababaika. Mara ya pili nikaitikia marahaba. Ilipofika Kwaresima nilikuwa naingojea. Nyayo zake, alisema, zinawaka, kama anakanyaga majivu ya bani. Nikamsimamisha mbele ya ngazi yangu ya ukutani. Akaitazama muda mrefu, halafu akaweka kidole kwenye kidato cha saba, nadhani kwa kuwa ndicho alichokifikia bila kunyoosha mkono. Nikaandika saba. Nikampa vidonge vya vitamini, nikamwambia apunguze ugali, aache kutembea peku, na atembee kila siku. Akafanya yote. Alikwenda kwa fundi wa gulioni akanunua katambuga, viatu vile vya tairi. Ugali wake akaupima kwa ngumi yake mwenyewe. Na kila asubuhi alifuata reli mpaka kituoni nimtie alama nyekundu, akanywa maji ya Skola, akageuka. Kadi yake haikuwa na pengo hata moja. Niliibandika ukutani wengine waione.

Jumatano moja baada ya Pasaka mabenchi yalijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za mlango. Siku hizo nilikuwa nimehamishia meza yangu barazani, kwa sababu niligundua kwamba mtu akiulizwa mbele za watu hujibu upesi. Mama Kulwa alipofika zamu yake akaketi, nikafungua faili lake.

"Maumivu ngapi leo, mama?" nikauliza bila kuinua macho.

"Mawili, daktari."

"Mbili."

Akalitazama faili. Kisha, taratibu, "Mawili."

Hapo nikainua macho, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mabenchi. "Mama Kulwa, namba haina ma. Tunahesabu moja, mbili, tatu. Sema mbili."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Yeye akainama akatazama katambuga zake, akafumbua mdomo kama anayetaka kuongeza kitu, akaufumba, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mbili."

"Eeh! Hapo sasa."

Skola alikuwa nyuma yangu na trei ya sindano. "Daktari, hebu tumuulize—"

"Sista, faili linalofuata."

Nikaandika mbili. Kutoka saba hadi mbili, kwa miezi mitatu, kwa kutembea tu! Nikasimama, nikawatangazia watu wote jambo hilo, nikawaambia wampigie makofi Mama Kulwa. Wakampigia. Alitabasamu kwa adabu huku akishika ukingo wa meza, na mimi nikadhani ameshika kwa haya. Miguu ya mgonjwa wa sukari hutazamwa kila anapokuja, nyayo na katikati ya vidole. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza, na lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi juu ya kichwa changu. Siku ile sikumvua viatu. Wala Jumatano iliyofuata, wala ile nyingine, kwani mtu mwenye maumivu mbili anavuliwa viatu vya nini? Wiki ya tatu nilimwona anachechemea akija, nikamwambia asijali, mguu unazoea.

Mwezi wa tano wakaja wageni kutoka mjini kukagua kazi yetu. Kiongozi wao alikuwa daktari mwanamke wa makamo, mzito wa mwendo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Skola aliamka mapema akapika kuku na uyoga mkavu kwa karanga, harufu ikaenea hadi kwenye mabenchi. Nami nilikuwa nimeandaa karamu yangu: kadi ya Mama Kulwa. Nikamwita mbele, nikaeleza habari ya saba na mbili, nikataja babu zetu na Bagamoyo, wageni wakaandika. Yule daktari hakuandika. Alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Kulwa, goti kwa goti, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama Kulwa akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Marahaba, mwanangu."

"Naomba uvue viatu nione nyayo."

Alivua. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na tundu dogo, kingo zake nyeusi, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa. Daktari alipobonyeza, usaha ukatoka, harufu ya kuku ikatoweka barazani pote. Akageuza katambuga. Msumari wa fundi ulikuwa umechomoza kwa ndani, mfupi kama punje ya mchele.

"Hukuusikia msumari huu, mama?"

"Unyayo wangu hausikii kitu, mwanangu. Unawaka tu, lakini ukiugusa, hausikii."

"Na huku ndani hakuumi?"

"Kunauma. Ndani kunagonga, kama mtu anatwanga. Tangu kabla ya Pasaka." Akaona labda anamshitaki mtu, akaharakisha kusema, "Daktari nilimwambia. Nilimwambia ni mawili."

"Mawili yapi?"

"Yale ya zamani ya kuwaka, na haya mapya ya kugonga."

Yule daktari akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa faili. Akafungua, akashuka na kidole mpaka kwenye ile namba mbili niliyoipigia mstari chini kwa kalamu nyekundu, akakaa hapo muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akalifunga. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwandaeni mgonjwa, anaondoka na gari letu sasa hivi." Wakaondoka bila kula. Nilibaki barazani, mabenchi yamejaa watu waliosikia kila neno, na nyuma yangu ule uso mwekundu unaolia. Niliona aibu, lakini niseme kweli: siku ile aibu yangu ilikuwa ya kuonekana mbele ya wageni. Ile nyingine, iliyo ya kweli, ilikuja baadaye, na ndiyo niliyo nayo mpaka sasa.

Leo nafundisha vijana wa utabibu mjini Tabora, na kila mwaka inafika siku ya kufundisha aina za maumivu. Nawaambia kwamba kuna maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika, ambayo huwaka, huchoma, hutekenya kama siafu, hata pale ambapo hakuna kidonda. Mgonjwa huyo huyo unaweza kumchoma sindano asijue. Na kuna maumivu ya nyama na mfupa, ya kugonga, ya kuvuta, ambayo yanaeleza kwamba pana kitu kinaharibika sasa hivi. Mgonjwa wa sukari ambaye mguu wake ulishakufa ganzi akikuambia kwamba ndani yake kumeanza kugonga, nawaambia, acha kila kitu, piga magoti, tazama. Na usimuulize maumivu ngapi kabla hujamuuliza maumivu gani. Halafu nawasimulia kisa cha mama mmoja aliyesema mawili, na tabibu mmoja aliyeandika mbili. Wanafunzi huguna, huwa kuna mmoja anayesema, "Huyo tabibu alikuwa mjinga, mwalimu," nami hujibu, "Sana." Sijawahi kuwaambia jina lake. Na huumia zaidi ninapofika kwenye sarufi, kwa kuwa siku ile kwenye baraza lile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anasema Kiswahili fasaha. Maumivu mawili. Mtoto wa chekechea angeelewa. Mimi niliyeuliza "maumivu ngapi" ndiye niliyekuwa nimebananga lugha, na nikamlazimisha yeye aharibu ya kwake ili ifanane na yangu.

Mguu waliukata chini kidogo ya goti. Habari zilitufikia kupitia kwa mtu aliyeshuka treni, na Jumatano iliyofuata nilisikia kupitia ukuta, mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Aliyetembea kutupita wote ndiye aliyekatwa." Siku hiyo sikuhutubia. Nilichukua kisu nikakwangua ile ngazi ukutani, lakini rangi ilikuwa ya mafuta, ikabaki madoa. Skola akaja akasimama na kikombe changu cha uji.

"Nilikusikia siku ile," nikamwambia. "Ulisema tumuulize."

"Nilisema nusu," akajibu. "Ningekuwa na ujasiri ningesema yote. Uliponikata nikanyamaza, kwa sababu wewe ndiye daktari." Akaweka kikombe kwenye meza. "Kwa hiyo usiibebe lawama hii peke yako. Lakini kwenda kumwambia, hilo ni lako."

Tulikwenda wote Jumamosi, kwa treni ya asubuhi. Skola alibeba uji kwenye chupa ya chai na machungwa mawili, ambayo baadaye alikumbuka mgonjwa wa sukari hapaswi kuyala yote. Njia nzima nilikuwa nimekaa dirishani nikipanga maneno. Nilikuwa nayo tayari, tena mafupi: Mama, ulisema mawili, mimi nikaandika mbili, kosa ni langu. Sikuhitaji zaidi ya hayo. Niliyarudia kimoyomoyo mpaka tukafika mjini, nikayarudia tena kwenye korido ya wodi ya wanawake iliyonuka dawa ya kudekia na wali wa jana, mpaka tukafika kitandani kwake. Alikuwa ameegemea mto, amefunga kitambaa safi kichwani, na aliponiona alijitahidi kukaa wima. Doto, msichana mdogo wakati huo, alikuwa amekwenda kuchota maji. Skola akamimina uji. Mama Kulwa akakishika kikombe lakini hakunywa. Alikuwa ananitazama kwa hofu, nami sikuelewa ni hofu ya nini.

"Daktari," akasema kabla sijafumbua mdomo, "nina neno."

"Sema, mama."

"Nilikudanganya." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta. "Siku tatu sikutembea. Mguu ulikuwa mzito, shemeji yangu akanipakia kwenye baiskeli. Nilikuwa nashuka pale kwenye kona ya ghala la tumbaku, usinione, halafu nafika kwa miguu. Na wewe ukanitia alama, na ukawaambia watu wanipigie makofi. Mungu ameona. Ndiyo maana mguu umeoza. Ningetembea siku zote kama ulivyoniambia, usingeoza. Nimekuaibisha mbele ya wageni wako. Nisamehe, daktari."

Yale maneno yangu yalikuwa mdomoni. Wagonjwa na ndugu zao walikuwa wakitutazama, na nikaona jinsi ilivyo rahisi: mbele yangu alikuwepo mtu aliyejitwisha mzigo mwenyewe, tena akiniomba nimruhusu aubebe. Ningemwambia tu hapana, mama. Neno hapana ni fupi kuliko yote niliyoyapanga kwenye treni. Niliangalia shuka, lilivyolala bapa pale ambapo palipaswa kuwa na mguu, nikainua macho, nikasikia sauti yangu ya Jumatano, ile ile ya mabenchi, ikitoka nzima nzima.

"Nimekusamehe, mama," nikasema. "Usirudie tena."

Skola akaweka chupa chini akatoka nje. Mama Kulwa akakishika kikombe kwa mikono yote miwili, uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu tulipoingia.

"Sitarudia, daktari," akasema, akaanza kunywa uji.